Tukikataa fedha ya bia, tutoe ya kwetu

UKIAMBIWA kuwa Waislamu wa Arusha wameandaa mashindano ya gofu kuchangia vijana, huenda utacheka. Gofu hapa kwetu ni mchezo wa wenye nafasi. Huchezwa Gymkhana, uwanja wa mashimo 9 mjini, na Kili Golf, uwanja wa mashimo 18 upande wa Usa River. Kijana wa Ngarenaro au Unga Limited akiingia humo, mara nyingi huingia kumbebea mchezaji mfuko wa vyuma kwa ujira.

Hata hivyo, niliwahi kualikwa katika kamati ya mashindano ya namna hiyo nikiwa mwalimu wa dini. Lengo lilikuwa kuwalipia vijana waliomaliza shule ada ya kujifunza umeme, ushonaji na ufundi wa magari. Nikaulizwa: je, inafaa?

Nilijibu kuwa kutembea kwenye majani na kupiga mpira hakujaharamishwa. Tatizo ni yanayoandamana na mchezo. Kwanza ni zawadi. Kila mchezaji akitoa kiingilio, kisha mshindi akabeba fungu la viingilio hivyo, hiyo ni kamari hata tukiiita harambee. Wapo wanazuoni waliobana zaidi, wakishikilia Hadith iliyopokewa na Abu Daud inayotaja ngamia, farasi na mishale tu katika mashindano ya zawadi. Tukakubaliana kuwa viingilio vyote viende kwa vijana, na mshindi apate kikombe kilichotolewa hiba na mfanyabiashara mmoja.

Pili ni udhamini. Kampuni moja ya bia ilikuwa tayari kutoa fungu kubwa kuliko wafadhili wote, mradi mabango yake yatundikwe. Nikasema hapana. Qur'an (2:219) haikanushi kuwa ulevi na kamari vina manufaa kwa watu, bali inatufahamisha kuwa dhambi yake ni kubwa zaidi. Fedha ile ndiyo manufaa yenyewe.

Mzee mmoja akaniambia: "Mwalimu, wewe una mshahara. Huyu kijana ukimnyima ada leo, kesho utamkuta baa anakunywa bia hiyo hiyo. Utakuwa umemwokoa na nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Kamati ikafuata rai yangu, mashindano yakafanyika, na fedha zikapungua. Ikabidi orodha ya vijana ikatwe. Nami nilikuwa miongoni mwa walioshika kalamu. Jina moja nililolikata lilikuwa la kijana niliyemsomesha madrasa.

Ndugu msomaji, bado naamini tulikuwa sahihi kuikataa fedha ile. Allah (s.w.) ni mwema na hapokei ila kilicho chema, kama alivyotufundisha Mtume (s.a.w.). Lakini neno la mzee yule halijanitoka. Ni kweli nilikuwa na mshahara. Siku ile nilitoa hukumu, sikutoa shilingi. Ningeweza kulipa japo robo ya ada ya kijana mmoja, wala halikunijia wazo hilo.

Uislamu haukukataza tu na kuwaacha watu mikono mitupu. Katika Suratul Baqara, palipoharamishwa riba ndipo palipohalalishwa biashara, na ndipo ilipotajwa sadaka. Sisi tumeshika upande mmoja. Kadi ya mchango wa harusi ikija tunajipiga piga mpaka inapatikana, tena kwa vikao vya wiki nzima. Ada ya fundi umeme ikitajwa, tunauliza mfadhili ni nani.

Basi kila mmoja wetu anaposimama kusema fedha fulani ni haramu, na aseme bila kuogopa. Ila kabla hajaketi, ataje na yeye anatoa kiasi gani cha halali kuziba pengo hilo. Asipofanya hivyo, gharama ya uchamungu wake ameilipa kijana ambaye hakuulizwa.

Wabillahi tawfiq.