Yoabu Miongoni mwa Mashujaa

Msimu wa tamasha za drama unapokaribia, na tena majuma machache kabla ya Pasaka, shule na makanisa ya Runyenjes, huku Embu, hugawa nafasi za kuigiza. Nafasi ya shujaa hugombaniwa. Nafasi ya mwovu nayo haikosi mtu, kwa kuwa bila Yuda Ijumaa Kuu haieleweki, na anayemwigiza anajua kwamba hadhira itamchukia Yuda, si yeye. Inayoleta ugumu ni nafasi ya mtu wa katikati, yule anayetembea na mashujaa, anakula nao, anapigana upande wao, na bado haijulikani moyo wake unaegemea wapi. Anasema uongo kwa ajili ya wenzake. Anamuua aliyekwisha kusamehewa. Analisha wapiganaji usiku, na asubuhi anampigia saluti mkoloni. Mwelekezi akileta mhusika wa namna hiyo, mara nyingi huombwa ama amtakase ama amharibu kabisa, ili watoto wasichanganyikiwe. Naona ombi hilo limekosea, na kosa lenyewe ni la imani kabla halijawa la sanaa. Kundi la mashujaa linamhitaji mtu huyo, na muumini anaweza kumwigiza kwa dhamiri safi, mradi ajue ni ahadi ipi inayovunjwa na mhusika na ni ipi ambayo yeye mwenyewe hana ruhusa ya kuivunja.

Swali hili lina mabishano marefu pia katika mchezo usio na jukwaa. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walichapisha Dungeons & Dragons, mchezo ambao watu huketi kuzunguka meza, kila mmoja akambuni mhusika wake na kumsemea, mwenzao mmoja akisimulia ulimwengu wanamopita, na kete zikiamua ya bahati. Toleo lile la kwanza lilimtaka mchezaji achague mhusika wake awe upande wa utaratibu, wa vurugu, au wa katikati. Wema na uovu viliongezwa baadaye. Mlango wa katikati uliachwa wazi tangu mwanzo, na wachezaji hawajaacha kuulizana la kufanya mmoja wao anapoingia katika msafara wa mashujaa na mtu mwenye moyo wa mashaka. Mezani hakuna mswada wa kukariri. Mtu huyo anaweza kuwageuka wenzake wakati wowote, nao hawana njia ya kujua kabla. Nitarudi kwenye tofauti hiyo, maana ndiyo inayotuonyesha wajibu wa mwigizaji uko wapi.

Runyenjes ina sababu zake za kutomwogopa mtu wa katikati. Hali ya hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 iliwakumba Waembu pamoja na Wakikuyu na Wameru, na serikali ya kikoloni ikaunda vikosi vya homgadi kutoka kwa watu hao hao, hata ndugu wakajikuta wamesimama pande mbili. Mwanahistoria Daniel Branch, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu vita vya Mau Mau, anaonyesha kwamba mpaka kati ya waliounga mkono serikali na waliounga mkono wapiganaji wa msituni haukuwa umenyooka. Walikuwapo waliokula kiapo kisha wakashika silaha za serikali, na waliobeba silaha za serikali huku wakiusaidia msitu kwa siri. Wengine walihama kadiri vita vilivyoelemea upande huu au ule. Igizo linalomweka Jenerali Kubu Kubu wa Mau Mau na wenzake upande mmoja, na wasaliti upande wa pili, bila mtu yeyote kati yao, linawapa wajukuu historia ambayo babu zao hawakuiishi. Na kuna simulizi la kale kuliko hilo. Karibu na mji huu kuna kichaka cha Mwene Ndega, anayetajwa kuwa baba wa Waembu. Masimulizi hutofautiana, lakini katika mojawapo watoto wake, Kembu na dada yake Werimba, walipendana na kuzaa, wazazi wakawafukuza nyumbani, na kutoka kwao kabila likaenea. Wazee waliolihifadhi simulizi hilo wangeweza kabisa kulisafisha. Waliliacha na aibu yake, wakalikabidhi kwa watoto wao kama habari ya walikotoka.

Mtu wa kanisa anaweza kusema kwamba hayo ni ya mila, na kwamba yeye anafuata Maandiko. Basi na tuyafungue. Kundi la Daudi, kabla hajawa mfalme, lilikusanyika katika pango la Adulamu, na kitabu cha kwanza cha Samweli kinasema waliomwendea walikuwa wenye dhiki, wenye madeni na wenye uchungu moyoni, watu kama 400. Ndiyo asili ya jeshi la mashujaa tunalowaimbia watoto wa shule ya Jumapili. Halafu akatokea Yoabu, mwana wa Seruya, dada yake Daudi. Yoabu aliongoza vita, akauteka mji wa Raba, kisha akamwita mfalme aje amalizie ili sifa isiwe yake. Ndiye aliyemwonya Daudi asihesabu watu, na alikuwa na haki. Ndiye aliyemwinua mfalme kutoka katika kilio cha kumlilia mwanawe Absalomu na kumwambia kwamba anawaaibisha waliomwokoa, na hapo pia alikuwa na haki. Lakini ni yeye aliyemwita Abneri kando langoni Hebroni kana kwamba ana neno la siri, akamchoma kulipiza damu ya ndugu yake Asaheli, wakati Abneri alikuwa amekuja kwa amani na mfalme amemruhusu aende zake. Ni yeye aliyemshika Amasa ndevu kama anayetaka kumbusu, akamuua njiani. Alimchoma Absalomu aliyekuwa ananing'inia mtini, ilhali amri ya mfalme ilikuwa wazi. Na barua ya kumweka Uria mbele ya vita vikali iliandikwa na Daudi, ikabebwa na Uria mwenyewe, ikatekelezwa na Yoabu bila swali.

Mwigizaji apewe mtu huyu, amfanye nini? Akimfanya mwema, damu ya Abneri inamsuta. Akimfanya mwovu, nani basi aliyeulinda ufalme? Mwandishi wa Samweli hakukwepa. Katika sura ya 23 ya kitabu cha pili kuna orodha ya mashujaa wa Daudi, 37 kwa jumla. Abishai nduguye Yoabu yumo, na Asaheli yumo, na hata Naharai mchukua silaha wa Yoabu yumo. Jina la mwisho ni la Uria Mhiti. Yoabu, aliyekuwa amiri wao wote, hana mstari wake mwenyewe. Anatajwa tu kama ndugu wa fulani na bwana wa fulani. Sijui namna nyingine ya kuisoma orodha hiyo ila kwamba mwandishi alitaka tuhisi pengo. Pengo hilo halimhukumu Yoabu peke yake. Linamhukumu pia Daudi, aliyetia sahihi katika kifo cha mtu wa 37, akaishi miaka yote akitumia mikono ya Yoabu pale alipotaka yake ionekane safi, na alipozeeka akamwachia Sulemani kazi ya kumuua. Mwondoe Yoabu katika igizo na Daudi anabaki mchungaji mwenye kinubi. Mrudishe, na wema wa Daudi unaanza kuwa na gharama, maana sasa kuna mtu kando yake anayeuliza kwa matendo ni uovu kiasi gani yuko tayari kufanyiwa.

Wapo watakaopinga kwa hoja nzito. Plato, katika kitabu cha tatu cha Jamhuri yake, hakutaka walinzi wa mji waige watu wabaya, kwa sababu kuiga kunakozoewa tangu utoto hugeuka tabia ya mwili, sauti na fikra. Tertullian wa Karthago aliandika kitabu kizima, mnamo mwaka 200, kuwakataza Wakristo wasiende kwenye maonyesho. Siwezi kuwajibu kwa kusema kwamba kuigiza hakumgusi mwigizaji, kwa maana kunamgusa. Mapokeo ya kanisa yenyewe yanasimulia habari za Genesius, mwigizaji wa Roma aliyepanda jukwaani kuudhihaki ubatizo, akaongoka katikati ya dhihaka na kuuawa kwa imani yake. Waigizaji Wakatoliki wanamhesabu mtakatifu wao mlinzi. Anayeamini kwamba Genesius aligeuzwa na nafasi aliyoiigiza hana budi kukubali kwamba nafasi inaweza kumgeuza mtu kuelekea kubaya pia. Lakini angalieni Plato anaogopa nini hasa. Anaogopa kuiga bila kuhukumu, mtoto anayechukua mwendo wa mtu mwovu kama anavyochukua lafudhi. Mhusika wa katikati hachezeki hivyo. Mwigizaji wa Yoabu analazimika kujua, katika kila tendo, Yoabu anaona faida gani, anaficha nini, na ni wapi angeweza kugeuka asigeuke. Hiyo ni kazi ile ile ya mtu anayepima dhamiri yake kabla ya kuungama, ila hapa anapima ya mwingine. Wa kuhofiwa zaidi ni mwigizaji wa shujaa asiye na doa, aliyezoea kushangiliwa bila kuulizwa lolote.

Pingamizi la pili linatoka kwa wachezaji wa mezani, nalo ni la haki. Wanasema kwamba wengi wanaochagua mtu wa mashaka hufanya hivyo ili wapate kisingizio. Anawaibia wenzake, anaharibu mpango walioufikia kwa saa nzima, na akiulizwa anajibu kwamba mhusika wake ndivyo alivyo. Hapa ndipo ahadi mbili zinapotengana. Yoabu alimvunjia Daudi ahadi. Mtu anayemwigiza Yoabu hajapewa ruhusa ya kumvunjia ahadi mwenzake anayemwigiza Daudi. Jukwaani mswada unailinda ahadi hiyo, na mezani hakuna cha kuilinda ila nia ya mchezaji. Kadiri mhusika anavyoelekea kuwasaliti wenzake, ndivyo anayemchukua anavyopaswa kuaminika zaidi. Aseme mapema anataka kumpeleka mtu wake wapi, awaachie wengine nafasi ya kumkabili, na akubali kwamba kundi linaweza kumhukumu mhusika wake, hata kumfukuza, bila yeye kununa. Asiyeweza hayo asipewe.

La tatu ndilo linalowasumbua zaidi wazazi, kwamba mtu wa katikati hufundisha kuwa wema na uovu ni kitu kimoja. Hufundisha hivyo akichezwa vibaya, kwa ukungu, kana kwamba mhusika mwenyewe hajui anachofanya. Ebrahim Hussein alionyesha njia nyingine katika tamthilia ya Kinjeketile ya mwaka 1969, inayohusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Shujaa wake anajua kwamba maji aliyowapa watu yaliwaunganisha, na pia kwamba hayakuzuia risasi. Mwishoni anatakiwa na Wajerumani akiri kuwa maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuhofia wajukuu wataambiwa kwamba babu zao walikosea kupigania nchi. Ni ukweli huo, au ni uongo wa pili juu ya wa kwanza? Msomaji anaweza kubishana na Kinjeketile usiku kucha, lakini hawezi kusema kwamba kwake kweli na uongo havina tofauti. Anateseka kwa sababu vinatofautiana. Homgadi aliyewalisha wapiganaji naye aigizwe hivyo, akijua jina la kila mtu aliyemtaja kwa bwana shauri na jina la kila mtu aliyemficha, asijaribu kulipia hili kwa lile.

Limebaki jambo la kugawa nafasi, na hapa walimu na viongozi wa vijana wana la kubadilisha mara moja. Mhusika wa mashaka huelekea kutupiwa mtoto aliyekwisha kuitwa mtundu, eti anafanana naye, na mwenye sifa njema hupewa shujaa. Kwa njia hiyo mtoto wa kwanza anathibitishiwa jina baya mbele ya shule nzima, na wa pili hapewi nafasi ya kujua kwamba angeweza kuwa Yoabu. Apewe huyo wa pili, kiongozi wa wanafunzi au msomaji wa somo la Jumapili, amshike Amasa ndevu mbele ya wazazi wake. Na mtundu avikwe taji la Daudi, akae kimya katika kiti cha enzi wakati habari za kifo cha Uria zinaletwa.