Maono ya Dawa na Moto wa Pentekoste

Somo: Matendo 2:1-16, 41-47

Wapendwa, swali hili lilitoka kwa vijana wetu wa hapa Njukini, na si la kupuuzwa. Kama dawa inaweza kumfanya mtu aone utukufu, tutajuaje kwamba tunachohisi ibadani ni Roho?

Jambo lenyewe lilishajaribiwa. Ijumaa Kuu ya mwaka 1962, huko Boston, Marekani, daktari Walter Pahnke alikusanya wanafunzi 20 wa theolojia chini ya kanisa la chuo kikuu. Kumi walipewa silosibini, dawa iliyomo katika uyoga fulani. Kumi wakapewa vitamini tu, ile ya kuchoma ngozi. Kisha wakasikiliza ibada ya Howard Thurman. Wengi wa wale kumi wa kwanza walisema wamepitia jambo kubwa la kiroho. Miaka kama 25 baadaye mtafiti Rick Doblin aliwatafuta, na aliowapata bado walishikilia hivyo. Hapo nami nakuna kichwa. Siwezi kuwaita waongo.

Lakini Doblin alikuta na jingine. Mmoja wao alitoka mbio hadi nje akiamini ana ujumbe wa kutangaza, ikabidi adungwe sindano ya kumtuliza. Taarifa ya kwanza ilikuwa imeinyamazia sindano hiyo.

Sasa tazama Petro. Watu walisema hawa wamelewa. Yeye hakubishana juu ya hisia. Alisema bado ni asubuhi, akafungua nabii Yoeli. Na Luka haishii kwenye ndimi za moto: anaendelea hadi watu wanauza mali, wanagawana, wanakula nyumba kwa nyumba.

Kipimo hicho kinatugusa sisi pia, tusijifiche. Kinanda na spika huamsha mwili. Aliyefunga siku tatu huona kizunguzungu. Mtu akianguka chini Jumapili, mimi hungoja Jumatatu nione kama ameacha kumwibia jirani zamu ya maji kwenye mfereji.

Je, dawa hizi ni dhambi? Ketamini hutumika katika hospitali zetu kumlaza mgonjwa wa upasuaji, na wengine wakizinduka husimulia walivyoelea hewani. Daktari hajakosa, wala mgonjwa hajawa nabii. Tangu 2019 Marekani imeruhusu dawa ya ukoo huo kwa walioelemewa na huzuni isiyosikia tiba nyingine. Hiyo ni tiba, ina daktari anayekuangalia.

Kijana anayejinunulia vichochoroni hana wa kumwangalia. Mei 2024 magavana wa Pwani, wetu akiwemo, walipiga marufuku muguka, ikawa mvutano na Serikali Kuu. Muguka si dawa ya maono, najua, ila wengi wanaoutafuna usiku kucha wanakimbia mawazo yaleyale. Huyo tumsindikize kliniki Taveta, tuombe naye njiani, na asisikie kwetu kwamba amepungukiwa imani.