Mlango Tulioukuta Wazi



Kwa miaka mingi vyuo vya Marekani vimekuwa vikiwapa wanafunzi wapya somo juu ya kuishi na watu wa asili mbalimbali, kutendeana haki na kutomwacha mtu nje. Watoto wetu wakilileta nyumbani, barazani husikika jibu hili: "Hilo halituhusu, sisi tumekuja kusoma. Weusi wa hapa wamepewa kila kitu, wakashindwa wenyewe."

Je, kauli hiyo ni ya kweli? Na je, ni ya haki?

Tuanze na historia. Mnamo Septemba 1959 ndege iliwaleta wanafunzi 81 kutoka Kenya kuja kusoma vyuo vya Marekani, kwa jitihada za Tom Mboya. Barua ya kuomba michango ya safari hiyo ilitiwa saini na Wamarekani weusi watatu: Harry Belafonte, Jackie Robinson na Sidney Poitier. Mwaka uliofuata mpango huohuo ulimleta Wangari Maathai. Wakati huo wenyeji weusi walikuwa bado wakifungiwa milango ya baadhi ya vyuo vya kwao. Mwaka 1962, James Meredith alipokwenda kujiandikisha Chuo Kikuu cha Mississippi, zilizuka ghasia, watu wawili wakauawa, na serikali kuu ikalazimika kupeleka askari.

Basi waliotuchangia nauli ni watu ambao ndugu zao walikuwa bado wakizuiwa kuingia.

Atasema mtu: "Lakini sisi tulifanya kazi usiku na mchana." Ni kweli, na hakuna anayetunyang'anya jasho letu. Lakini juhudi huzaa matunda pale mlango unapofunguka, na huu hatukuufungua sisi.

Kuhusu hoja ya kupewa kila kitu, sisi tulio wahandisi tunajua kwamba nguzo za jengo hazipewi nondo sawa. Kila nguzo hupewa kwa kadiri ya mzigo inaoubeba, na hakuna anayesema ile ya katikati imependelewa. Aliyezaliwa na wazee walionyimwa shule, mikopo na ardhi kwa vizazi kadhaa amebeba mzigo ambao mtoto wa daktari aliyehamia hapa juzi hakuubeba, hata kama rangi yao ni moja.

Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ilivikataza vyuo kuzingatia rangi katika kuchagua wanafunzi. Texas nayo, kuanzia Januari 2024, imevizuia vyuo vya umma kuwa na ofisi za kusimamia mambo haya. Watu wema wanaweza kutofautiana juu ya sheria gani inafaa. Lakini heshima kwa jirani haihitaji sheria, wala haifungwi pamoja na ofisi.

Waswahili walisema fadhila ya punda ni mateke. Tusiwe hao. Somo ambalo chuo hakilitoi tena, tulitoe sisi nyumbani: tuwasimulie watoto habari za Meredith na za ile ndege ya 1959, na wakimleta nyumbani mwenzao Mmarekani mweusi, tumkaribishe kama tunavyomkaribisha mtoto wa kwetu. Na kauli ile ya barazani ikitajwa tena, mmoja wetu aijibu, watoto wakiwapo.