Moshi Wetu Huenda kwa Nani?

Somo: Waebrania 4:13-16



Desemba 1999 Wamarekani walirusha setilaiti iitwayo Terra, ipite juu ya dunia umbali wa kilomita 700 hivi. Kazi yake mojawapo ni kupima mwanga wa jua unaorudi kutoka chini. Msitu na bahari, vikitazamwa kutoka juu penye hewa safi, huonekana vyeusi. Palipo na moshi huonekana weupe-weupe wa kijivu, maana chembe za moshi huurudisha mwanga kabla haujafika chini. Kwa tofauti hiyo wataalamu hukadiria wingi wa uchafu ulioko hewani.

Picha za namna hiyo zimeonyesha, mwaka baada ya mwaka, moshi wa Oktoba na Novemba kaskazini mwa India. Wakulima wa Punjab na Haryana huchoma mabua ya mpunga, na moshi wao, pamoja na ule wa magari na viwanda, huwakaba watu wa Delhi. Mwenye kiberiti aliona shamba lake tu. Hakumwona mtoto anayekohoa mjini.

Ndivyo zilivyo dhambi zetu. Twasema, “Hili ni langu, la nyumbani kwangu.” Lakini uchungu wa baba mlevi hufika mpaka darasani kwa mwanawe. Kwa Mungu hakuna kilichofichika.

Hata hivyo, picha huonyesha moto. Haionyeshi kwamba mkulima yule ana siku chache tu kati ya kuvuna mpunga na kupanda ngano, wala kwamba mashine ya kuondoa mabua ni ghali. Mungu huona moshi, huona na shida. Basi tusimhukumu mtu kwa moshi wake peke yake.

Tena, setilaiti hupima hewa yote, toka juu hata chini. Ili kujua mtoto avuta nini, lazima vipimo viwekwe chini, karibu na pua yake. Mungu wetu naye hakutosheka kutazama kutoka juu. Katika Kristo alishuka, akavuta hewa yetu hii hii. Ndiyo maana twaweza kumwendea bila hofu.

Juma hili, kabla hujawasha takataka uani, tazama upepo waelekea kwa nani. Huenda jirani ana pumu. Ukimwona mwenzako anachoma, usimpigie kelele ng'ambo ya ua. Mwendee, muulize shida yake, kisha mchimbe shimo la mbolea pamoja.

Bwana atusafishe. Amina.