Baridi Yabisi: Nani Alaumiwe?

Jina lenyewe limeshahukumu. Yabisi ni kavu, neno tulilolipata kwa Waarabu, na katika tiba yao ya kale baridi na ukavu vikizidi mwilini vilileta maradhi. Yaani ukiutaja tu ugonjwa, umeshamtaja na mshitakiwa.

Mama yangu anaumwa aina yake kali, rumatoidi athraitisi, ambayo kinga ya mwili inageuka na kushambulia utando wa viungo. Asubuhi hata kikombe cha chai hakishikiki. Ukimuuliza umetoka wapi, anajibu bila kusita: maji ya baridi. Alifua nguo za watu miaka 14, alfajiri, na ada yangu ya shule ilitoka humo humo kwenye beseni.

Mnaona nilivyobanwa. Kama ni maji, basi ni mimi.

Ndiyo maana nilisoma kwa pupa, na nikiri, sikusoma kwa ajili yake. Maji ya baridi sikuyakuta. Nilikuta jeni za kurithi, hasa za kundi la HLA-DRB1, sigara, ugonjwa wa fizi, unene, na kuwa mwanamke: wanawake huugua mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Ila hakuna kinachotosha peke yake. Hata mapacha wa kufanana, wenye jeni zilezile, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake haugui. Sasa hapo utamshitaki nani? Kihatarishi kinapimwa kwenye umati wa watu. Hakisemi kwa nini huyu.

Nikampelekea mama habari hizo kama zawadi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hiyo mwanangu, mikono imeniharibikia bure?”

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilidhani namtua mzigo, kumbe nilitua wangu. Kwake mikono ile iliharibika ikifanya jambo; mimi nampa jeni na bahati mbaya. Lakini pia siwezi kusema tumwachie tu hadithi yake, maana ilimchelewesha: miaka miwili ya mafuta ya kuchua na soksi za sufu, wakati dawa za ugonjwa huu hufaa zaidi zikianzwa mapema.

Siku hizi anameza methotreksati kila Jumatatu, hakosi. Mgeni akimuuliza, bado anasema ni maji. Mimi nanyamaza, na sijui kama ni heshima au ni woga.