Kukisia na Kujua

Binadamu hulima ili ale, hucheza ngoma ili afurahi pamoja na wenzake, na hushindana ili ashinde. Lakini ni vigumu kumweleza mtu aketiye peke yake, penseli mkononi, akitafuta chumba kiipasacho tarakimu moja katika mraba, kisha akakipata, akatabasamu, wala asimwambie mtu. Hakupata fedha, hakupata sifa, wala hakuna aliyeshindwa ili yeye ashinde. Je, starehe ya namna hii ni upuzi usiodhuru, au ni kosa, au ina wema unaostahili kutetewa?

Msomaji na amfikirie mwalimu katika Nyakahura, wilaya ya Biharamulo, jioni baada ya kazi. Njiani malori yanapita kwenda Rusumo, mpaka wa Rwanda, na mengine yanarudi. Madaftari ya wanafunzi yamekwisha kusahihishwa. Mbele yake pana fumbo la tarakimu lililokatwa katika gazeti. Jirani anayepita humwuliza anafanya nini, naye hujibu, "Napumzika." Jirani hucheka, kwa kuwa hajaona mtu akipumzika huku amekunja uso.

Kicheko hicho hakina haki ya kusema kwamba mambo haya ni mageni. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji asiyejua kuhesabu kete zitakwishia wapi kabla ya kuzitoa shimoni huchekwa na watoto. Katika nchi za Maziwa Makuu mchezo wa ukoo huo huitwa igisoro kwa Wanyarwanda na Warundi, na omweso kwa Waganda. Mbali zaidi, Muhammad bin Muhammad wa Katsina, aliyefariki Kairo mwaka 1741, aliandika juu ya miraba ambayo jumla ya tarakimu zake ni moja kila upande. Kuchezea hesabu ni urithi wa Afrika kama ulivyo urithi wa mabara mengine.

Lakini fumbo la tarakimu linatofautiana na bao, na linatofautiana na kitendawili pia. Bao lina mpinzani. Kitendawili kina mwenyewe. Msikilizaji akishindwa humpa mji, na neno la mtegaji ndilo huwa jibu, hata kama msikilizaji alikuwa na jibu jingine zuri. Katika fumbo la tarakimu hakuna wa kupewa mji. Jibu hujithibitisha lenyewe mbele ya kila mtu, mkubwa kwa mdogo.

Fumbo lililoenea zaidi siku hizi ni lile liitwalo sudoku. Mmarekani Howard Garns, msanifu wa majengo, ndiye anayetajwa kuwa alilibuni, likachapishwa mwaka 1979; Wajapani wakalipa jina katika miaka ya 1980; na tangu gazeti la The Times la London lilipoanza kulitoa mwaka 2004 likatapakaa duniani. Sheria yake ni fupi. Kuna vyumba 81, tisa kwa tisa. Kila mstari wa kulala, kila mstari wa kusimama, na kila mraba mdogo wa vyumba tisa, sharti uwe na tarakimu 1 hadi 9, wala isirudiwe hata moja. Tarakimu chache hutolewa mwanzoni. Zilizobaki huachiwa akili. Mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake wa Dublin walionyesha kwa kompyuta ya kuwa tarakimu 17 zikipangwa vema zaweza kutosha kuleta jibu moja tu, lakini 16 hazitoshi kamwe. Neno hili lina mafunzo. Aliyepewa 17 zilizopangwa vema anaweza kujua vyumba vyote 81. Aliyepewa 16, hata angekuwa na akili ya namna gani, hana haki ya kusema anajua.

Hapa ndipo starehe inapogusa adabu. Mchezaji mwenye pupa huona chumba kinachofaa 4 au 9, akachoka kufikiri, akaandika 4. Fumbo halimkemei. Huendelea kumkubalia chumba baada ya chumba, naye hujiona hodari. Kisha, karibu na mwisho, tarakimu mbili zilizo sawa hukutana katika mstari mmoja, na kazi yote huharibika. Kosa halipo pale lilipoonekana. Liko nyuma sana, mahali alipochukua makisio akayavika nguo ya ujuzi. Mchezaji mwenye adabu hufanya vingine. Huandika 4 na 9 kwa udogo pembeni mwa chumba, alama mbili nyepesi za mambo yawezekanayo, akangoja. Lile analolijua huliandika kwa ukubwa. Hachanganyi maandishi mawili hayo.

Mwenye kulaumu atasema ya kuwa huo ni wema mwepesi. Tarakimu za fumbo hazimbebi mtu. Ile 7 si mbuzi saba wala si watoto saba. Mahali pake pangeweza kuwekwa herufi au ua. Je, ni halali mtu kujifungia na hesabu zisizo na uzito, hali ulimwengu umejaa hesabu zenye uzito? Katika Kagera lawama hii ina nguvu. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa saa ishirini na nne hivi, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara, wakikimbia nchi iliyokuwa katika mauaji. Katika kambi ya Benaco kila tarakimu ilikuwa na tumbo na kiu.

Lawama hiyo ni ya haki, lakini mfano wake unasema zaidi ya ulivyokusudiwa. Ile 250,000 ilikuwa makisio. Hapakuwa na mtu aliyeweza kusimama darajani akawahesabu mmoja mmoja, wala maji hayakuweza kungoja hesabu kamili. Kukisia siku ile kulikuwa wajibu. Kwa hiyo ubaya haumo katika kukisia. Ubaya umo katika kusahau kwamba umekisia. Makisio yaliyoitwa makisio hufungua mlango wa kuhesabu tena kesho, na pale yalipopungua huongezwa. Makisio yaliyoitwa ujuzi hufunga mlango huo, na wanaobaki nje hukosa fungu lao. Alama ndogo pembeni mwa chumba na makadirio ya karani wa ugavi ni tendo moja la akili. La kwanza halina hatari, la pili lina roho za watu. Si aibu mtu kujizoeza mahali pasipo hatari.

Hata hivyo mpenzi wa mafumbo ana hatari yake. Aliyetunga fumbo amekwisha kuahidi ya kuwa jibu lipo na ni moja. Maisha hayakuahidi hivyo. Ndugu wawili wakigombania mpaka wa shamba mbele ya wazee, huenda kila mmoja ana sehemu ya haki, na huenda tarakimu zilizotolewa ni 16. Anayetoka katika fumbo lake akiwadai wazee jibu moja lisilo na shaka atawaumiza wote wawili. Wazee hukata shauri bila ya kujua yote, kwa sababu msimu wa kupanda haungoji. Lakini wazee wema hukata kwa namna inayoacha nafasi ya kurudi barazani. Wao pia huandika kwa udogo.

Basi starehe hii si upuzi, wala haifai kusifiwa kupita kiasi. Haimfanyi mtu kuwa mwema. Humpa desturi moja ya kuulizana na nafsi yake kila anapotaka kuandika: hili nalijua, au nalitamani? Shahidi mahakamani anaihitaji desturi hiyo, na mganga mbele ya mgonjwa, na mwalimu anayetaka kumwita mtoto mjinga kwa ajili ya mtihani mmoja.

Usiku ukiingia Nyakahura na taa za malori zikipita ukutani, huenda fumbo la mwalimu halijakwisha. Vyumba kadhaa vimebaki, vikiwa na alama nyepesi pembeni. Angeweza kuvijaza upesi akalala akiwa ameridhika. Anafunika karatasi, anaiweka juu ya madaftari, na kuviacha wazi mpaka kesho.