Nakuuliza Waziwazi, Mwanangu

Mwanangu, sogea hapa. Sikukuita nikugombeze. Juzi ulisema mbele ya mama yako kwamba umechoka na dunia, ukacheka ili nasi tucheke. Mimi sikucheka, na tangu siku hiyo naona chakula chako kinarudi jikoni kama kilivyopakuliwa.

Nimekaa matanga mengi ambapo watu hunong'onezana nyuma ya jiko kwamba marehemu "aliugua ghafla", na kila mtu anajua sivyo. Nimechoka na minong'ono hiyo. Ndiyo maana nakuuliza waziwazi: unawaza kujiua? Wapo watakaonilaumu kwamba nakutia wazo kichwani. Jambo hilo limechunguzwa sana na wataalamu wa afya ya akili, na si kweli. Anayeulizwa kwa upole mara nyingi hupata nafuu, maana alikuwa nalo peke yake.

Kuwa na wazo hilo si laana, wala si upungufu wa imani. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya 720,000 hujiua kila mwaka, na wanaojaribu wakapona ni wengi zaidi. Walio wengi kati ya hao waliopona hawakuja kufa kwa njia hiyo. Waliendelea kuishi, wakaoa, wakaolewa, wakalea. Wazo huja kama maji ya bamvua: yanajaa hadi unadhani hayatashuka tena, kisha yanapwa. Usiku yakijaa, usitake kumaliza mambo yote. Deni la kwenye simu litangoja, na kazi iliyokatika tutaizungumza. Wewe kazi yako ni kupambazukiwa.

Lakini upange mapema, wakati kichwa kimetulia. Chukua karatasi, uandike unavyoanza kubadilika, kama kukosa usingizi au kujifungia chumbani. Andika utampigia nani kwanza, na asipopokea, nani anayefuata. Chochote humu ndani unachohisi kinaweza kukudhuru, mpe mjomba wako akakiweke kwake. Hatakuuliza mengi, nimeshasema naye.

Najua pia uliogopa polisi. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, mgonjwa akitoka wodini apelekwe kortini. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Sheria imetangulia, ndimi zetu mtaani bado.

Na wazee wenzangu wanisikie. Kijana akitufungulia moyo, tunakimbilia kumwambia aache uvivu, aombe Mungu, aangalie wenye shida kuliko zake. Huko Harare, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliona madaktari wa akili ni wachache mno, akawafundisha mabibi wa mtaa wa Mbare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kusikiliza. Bibi anamwacha mtu aseme yote, kisha anamwomba achague tatizo moja tu, walitafutie hatua moja anayoiweza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na mabibi hao walipungukiwa na huzuni na mawazo ya kujiua kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hizo zimefika hadi Zanzibar. Ni wazee kama sisi, walijifunza kunyamaza.

Sala tutasali, mwanangu, na hospitali tutakwenda. Kama wazo limekuzidi usiku, niamshe, usihofie umri wangu. Nisipokuwepo, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ni bure. Kesho asubuhi tunaondoka pamoja. Mwambie muuguzi maneno yale yale uliyoniambia mimi, bila kuyalainisha, na ulimi ukikwama nitakusemea.